Alama Nyekundu Chini ya Sahani

Kila asubuhi, kabla hajamwambia mtu neno, Mama Vyombo alikuwa akichukua glasi moja kabatini, akaiinua hadi puani na kuvuta pumzi. Hakunywa kwanza. Alinusa. Glasi ikiwa na shombo, hata shombo la yai ambalo pua ya mtu mwingine isingeligundua, iliishia kwenye karo, na aliyeiosha jana yake aliitwa kwa sauti iliyofika mpaka nyumba ya tatu. Glasi ikiwa safi, alisema tu, "Haya," ndipo siku ikaruhusiwa kuanza.

Jina lake lilitokana na kazi. Alikodisha sahani, glasi, vijiko, majagi, masinia, na masufuria makubwa ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Harusi, msiba, mahafali, kikao cha ukoo, popote palipokuwa na midomo mingi kuliko sahani, aliitwa yeye. Chini ya kila chombo aliweka doa la rangi ya kijani, kwa maana kwenye shughuli vyombo vya watu huchanganyika, na wapo wageni wenye mikono mirefu.

Vyombo vilitoka ving'aavyo, vikarudi vikitia huruma. Vilirudi na mafuta yaliyoganda, na mabonge ya nyama yaliyotafunwa yakashindikana, na karatasi zilizofutiwa pua zikasokomezwa ndani ya glasi. Aliwahi kukuta jino la bandia kwenye jagi. Alilichemsha, akalirudisha kwa mwenyewe, akamwambia, "Shika kinywa chako." Miaka mingi ya kazi hiyo ilimfundisha jambo moja kuhusu binadamu: binadamu ni mchafu. Hakulisema kwa chuki. Alilisema kama mtu anavyosema mvua inalowesha.

Mke wa mwanawe aliingia katika nyumba hiyo akapokelewa vizuri, sababu kubwa ikiwa ni kucha zake fupi. Nyumbani walimwita Maktaba, kwanza kwa kuwa alifanya kazi kwenye maktaba ya chuo, na pili kwa kuwa alizungumza kana kwamba chumba cha pili kuna watu wanasoma. Mumewe, fundi wa minara ya simu, alikuwa akirudi mwisho wa mwezi tu. Siku nyingine zote Maktaba aliishi na mama mkwe wake na wifi yake, na kwa mwaka mzima hakukuwa na neno baya kati yao. Mama Vyombo alimpa glasi anuse. Maktaba alinusa, akasema hasikii kitu. "Utajifunza," aliambiwa, na ile ilikuwa heshima.

Kisha akapata mimba, na pua yake ikafunguka yenyewe. Alisikia harufu ya kitunguu kikiwa bado shambani, kama wifi yake alivyopenda kutania. Mama Vyombo alifurahi kupita kiasi. Mjukuu alikuwa njiani, na mkwe wake sasa alijua kunusa.

Walikwenda kliniki ya wajawazito pamoja. Palikuwa na benchi refu lililong'arishwa na makalio ya wanawake wengi, feni isiyozunguka, na ndoo ya maji yenye koki ambayo Mama Vyombo aliitazama kwa jicho baya. Maktaba alitolewa damu kama wenzake wote. Walisubiri. Walipoitwa nyuma ya pazia, nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo hilo kwa watu wengi, aliwauliza kama azungumze mbele ya mama. Maktaba alikubali kwa kichwa. Hakufikiri kulikuwa na la kuficha.

"Umekutwa na virusi vya homa ya ini," nesi alisema. "Vile vya aina ya B. Usilie kwanza, nisikilize. Ni jambo tunalolikuta sana hapa, kwa akina mama wenye afya zao kabisa kama wewe. Huenda ulizaliwa navyo. Utakwenda kwa daktari apime ini lako. Mumeo aje apimwe, kama hana achanjwe. Mtoto akizaliwa tu tunamchanja siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakikisha unajifungulia hospitali. Utamnyonyesha kama kawaida. Wembe wako na mswaki wako ni wako peke yako. Sahani, vikombe, kukumbatiana, kulala chumba kimoja, hivyo havina shida. Virusi hivi ni vya damu, ni vya tendo la ndoa, ni vya mama kwa mtoto wakati wa kuzaa. Mmenielewa?"

Maktaba alisema ameelewa. Alipogeuka, alimwona mama mkwe wake anajifuta viganja kwa leso, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyeshika kitu chenye utelezi. Alikuwa anaitazama leso. Maktaba akajiambia kwamba mama hakusikia.

Njiani Mama Vyombo alisimama kwenye kibanda cha vipodozi, akanunua chupa ya rangi ya kucha. Nyekundu. Yeye, mwanamke ambaye hakuwahi kupaka kucha zake rangi hata siku ya harusi yake.

Jioni hiyo Maktaba alikuta sahani moja, bakuli moja, kikombe, kijiko na beseni vimewekwa chini ya karo, kando ya bomba la maji machafu. Alikigeuza kikombe. Chini yake palikuwa na doa jekundu, bado bichi.

"Hivyo vyako," Mama Vyombo alisema akiwa amempa kisogo. "Usichanganye."

"Mama, nesi alisema..."

"Manesi wanasema mengi. Wao wana glavu."

Maktaba alikuwa na majibu. Alikuwa na majibu mazuri, yaliyopangika, ambayo yalimjia yote alipokuwa kitandani ameshika tumbo lake. Mbele ya watu hayakutoka. Alimpigia mumewe simu, naye akasema, "Mama ndivyo alivyo, we unamjua. Nivumilie nirudi." Alirudi, akapimwa, akaonekana hana virusi, akachanjwa. Akamwambia mama yake vyombo vile si vya lazima. Mama yake akamuuliza kama ameanza kumfundisha kazi. Akanyamaza, kama baba yake alivyokuwa akinyamaza enzi za uhai wake.

Ubaya wa vyombo vile si kwamba vilitengwa. Ubaya ni kwamba vilinuka. Katika nyumba ambamo glasi ilinuswa kila asubuhi, hakuna aliyekuwa tayari kugusa sahani ya Maktaba, na dodoki lake lilitundikwa nje kwenye msumari, likaloa mvua, likakauka, likaloa tena, mpaka likatoa uvundo wa tambara la kudekia. Mende walipita kwenye bakuli lake usiku. Asubuhi moja alikuta mguu wa mende, mmoja tu, umenata kwenye kijiko, akatapika papo hapo. Wifi yake, aliyekuwa anapiga mswaki mlangoni, alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Safisha mwenyewe hapo," wifi alisema. "Sio mimi."

"Ni mimba tu, wifi."

"Mimba na nini tena?"

Alikuwa na mdomo mwepesi yule wifi, na alicheka mwenyewe. Maktaba alipiga magoti akafuta. Alijinunulia dodoki jipya, akalificha chumbani kama mtu anayeficha pombe, akawa anaosha vyombo vyake mara mbili. Mama Vyombo alipokuwa anapita karibu naye alikuwa akibana pumzi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Shavu lilivimba kidogo, pua ikabanwa, halafu upande wa pili wa chumba pumzi ikaachiliwa. Maktaba alianza kuchukizwa naye pia. Alichukizwa na ile leso, na vidole vilivyoumuka kwa maji ya sabuni, na sauti ya glasi ikinuswa alfajiri, fff, kama mbwa kwenye jaa.

Lakini alivumilia, mpaka siku alipofungua droo kutafuta kizibo cha chupa ya maziwa. Ndani yake alikuta kikombe kidogo cha mtoto, cha plastiki ya samawati, chenye masikio mawili na picha ya bata, pamoja na kijiko chake. Vilikuwa vipya, na vilikuwa vizuri. Mama Vyombo alikuwa amechagua kwa upendo, hilo lilionekana. Maktaba alivigeuza. Chini ya kikombe kulikuwa na doa jekundu. Chini ya kijiko, doa jekundu dogo kabisa, limewekwa kwa uangalifu.

Alisimama pale mpaka miguu ikamuuma. Mtoto hakuwa amezaliwa. Hakuwa amepumua hata hewa ya nyumba hii, na bibi yake alikuwa amekwisha kuona kinyaa naye. Maktaba alijua chanjo ingemkinga mtoto na virusi. Hakujua chanjo ya kumkinga na hili. Akaapa moyoni kwamba mwanawe hatakunywa kwenye kikombe kile, na kama ni lazima, watakwenda kuishi kwingine, hata kama mumewe atanyamaza mpaka uzeeni. Alipiga moyo konde, akasubiri mwisho wa mwezi amweleze mumewe ana kwa ana.

Mwisho wa mwezi ulikuja pamoja na harusi. Jirani yao, mama mmoja fundi cherehani, alikuwa anamwoza bintiye, na alikodi karibu stoo nzima. Nyumba ilijaa minara ya sahani. Mume wa Maktaba alifika alfajiri na mkoba wake begani, akamkuta mkewe bado amelala. Chini ya karo akaona sahani yake, imeshika uvundo wa bomba. Roho ikamuuma. Hakuwa mtu wa maneno, lakini mikono alikuwa nayo. Aliisugua sahani ile kwa sabuni mpaka ikang'aa, akaisuuza kwa maji ya moto, akaiweka juu ya mnara wa karibu ikauke na wenzake. Kisha akaenda kulala kidogo, amefurahi kwamba amefanya jambo. Gari la harusi lilipokuja, minara yote ilipakiwa.

Watu walikula, walikunywa, walicheza. Baadaye wanawake wakakaa uani kuosha na kutenganisha vyombo kwa alama zake. Kijani huku, vya jirani wa pili kule. Mmoja wao akainua sahani, akaigeuza mara mbili.

"Hii ya nani? Ina doa jekundu."

Wifi alikuwa hapo, mikono yake iko ndani ya povu mpaka kwenye viwiko. Hakufikiri. "Mungu wangu, hiyo si sahani ya mgonjwa wetu? Mwenye virusi?"

Mwanamke mmoja alikumbuka kwamba alikula kwenye sahani yenye ufa mdogo, na sahani ile ilikuwa na ufa mdogo. Alikimbilia ukutani. Alipoanza kutapika, mwenzake akafuata, na wa tatu, ambaye hakuwa amekula chochote kwa kuwa alikuwa na vidonda vya tumbo, akafuata naye kwa ajili ya harufu. Mpaka jua linazama, harusi nzima ilikuwa imekula virusi.

Kesho yake fundi cherehani alirudisha vyombo mwenyewe. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi. Hakuingia ndani, alivimimina mbele ya geti, glasi zikavunjika.

"Umenitia aibu," alimwambia Mama Vyombo. "Wageni wangu umewalisha kwenye masahani ya wagonjwa."

"Ni sahani moja, na imeoshwa."

"Imeoshwa? Kama kuosha kunatosha, wewe mwenyewe uliitia alama ya nini?"

Mama Vyombo aliinama, akaanza kuokota vipande vya glasi.

Mume wa Maktaba alirudi kazini kabla mkewe hajapata nafasi ya kumweleza habari ya kuhama. Baada ya hapo hakuna mteja aliyekuja. Waliokuwa wameshaagiza walituma watoto kusema wamepata kwingine. Msiba ulitokea mtaa wa pili, watu wakala kwenye sahani za karatasi. Kule sokoni walimbadilisha jina, wakamwita Mama Virusi, naye alipopita, mwuza nyanya alivuta pumzi na kuibana, shavu likavimba. Mama Vyombo aliitambua pumzi ile. Alirudi nyumbani bila nyanya.

Kwa siku kadhaa alikaa stoo katikati ya vyombo vyake, akinusa kimoja kimoja. Havikuwa na harufu yoyote. Maktaba alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo, na ingawa alitaka kumwonea huruma, huruma ile ilikuja pamoja na kitu kichungu, kitu kinachofanana na furaha, akajichukia kwacho.

Hatimaye Mama Vyombo alitoka, amejifunga kitambaa kichwani. "Vaa," alimwambia Maktaba. "Tunakwenda kliniki. Fundi cherehani nimemwambia aje, akatae kama anaweza. Yule nesi atamwambia kwa mdomo wake."

"Atamwambia nini, mama?"

"Kwamba havipiti kwenye sahani."

Alilisema bila kupepesa. Maktaba alivaa viatu. Ajabu ni kwamba aliona aibu kwa niaba yake.

Fundi cherehani alikuja kweli, pengine kwa kutaka kuona mwisho wake. Alikaa ukingoni mwa benchi, tako moja hewani, leso mdomoni. Wajawazito walikuwa wengi asubuhi ile. Nesi alipoelezwa alikataa kuwaita nyuma ya pazia.

"Hapa hapa," alisema. "Wote wasikie, maana huu upuuzi wa masahani nimeuchoka. Mama, umekodisha vyombo miaka mingapi?"

"Tangu huyu mwanangu wa kiume hajaota meno."

"Umelisha mji mzima. Unadhani katika mji mzima, mwenye virusi hivi alikuwa mkweo peke yake? Mimi napima wajawazito kila siku. Sitaji mtu, lakini zipitapo wiki mbili bila kumkuta hata mmoja, huwa nadhani vipimo vimeharibika. Na hao ni wajawazito tu, ambao tunawapima. Waume zao, mama zao, nyinyi wawili hapo, nani amewapima? Wote wamekula kwenye sahani zako. Kama sahani ingekuwa inaambukiza, ungekuwa umetumaliza zamani."

"Mimi sina kitu," alisema fundi cherehani ndani ya leso.

"Umepimwa?"

Fundi aliibana leso zaidi. Hapo mwanamke aliyekaa karibu naye, mwenye tumbo kubwa na viatu vya kupasuka, akacheka kidogo.

"Mama Bibi Harusi, hunikumbuki?" alisema. "Mimi ninavyo. Tangu mimba ya kwanza ninavyo. Na kwenye harusi ya mwanao ni mimi niliyekuonjea mchuzi. Ukanipa na mwiko wako, ukaonja baada yangu."

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi cherehani aliinuka, akakaa, akainuka tena. Uso wake ulikuwa umepauka. Alitazama mlango, halafu akamtazama nesi, na kwa sauti ndogo sana akauliza kama wasio wajawazito nao wanapimwa.

"Foleni ile kule," nesi alisema.

Mama Vyombo hakucheka. Alikuwa amekaa wima, ameshinda, na ushindi haukumkaa usoni.

Jioni hiyo alichukua asetoni na pamba, akakaa sakafuni mbele ya karo, akafuta sahani, bakuli, kikombe, beseni. Pamba zilikuwa nyekundu kama za hospitali. Hakusema samahani. Alivipanga vyombo kabatini pamoja na vingine, akaosha mikono, akaosha tena. Dodoki la msumarini alilitupa kwa kulishika na koleo. Maktaba aliyaona yote. Alijua kwamba rangi ile ilitolewa kwa ajili ya wateja, na kwamba kama wateja wasingekimbia, angekuwa bado analamba mende. Alikula kwenye sahani nyeupe, na chakula hakikupita vizuri. Wateja walianza kurudi mmoja mmoja, wa kwanza akiwa fundi cherehani, ambaye hakusema majibu yake yalikuwaje na hakuna aliyemuuliza.

Mtoto alizaliwa hospitali, wa kike, mwenye kelele. Alichanjwa kabla hajamaliza kulia kilio chake cha kwanza, kama nesi alivyotania. Mchana wake Mama Vyombo aliingia wodini na kapu: chupa ya uji, maji ya moto, nguo, na kile kikombe cha samawati chenye bata, ambacho mtoto hangekihitaji kwa miezi mingi bado.

Maktaba alikigeuza. Doa lilikuwa la kijani, kama vyombo vyote vya nyumba. Alipitisha ukucha juu yake bila kukusudia. Kijani kikabanduka ukingoni, na chini yake kulikuwa na wekundu.

Mama Vyombo aliona kwamba ameona. Alikitazama kikombe, akaangalia dirishani, kisha akanyoosha mikono yake iliyoumuka kwa sabuni. Maktaba alimshikilia mtoto kwa muda. Alikuwa na maswali mengi, yaliyopangika, ya miezi mingi ya kitandani. Lilitoka moja.

"Mama, siku ile ya kwanza, nesi aliposema havipiti kwenye sahani. Ulisikia?"

Mama Vyombo alimchukua mtoto. Alimwinua hadi puani, akamnusa kichwani, pale kwenye utosi, akavuta pumzi na hakuibana.

"Nilisikia," alisema. "Nilikuwa naona kinyaa tu. Bado naona, kidogo."